Stima yako inapitia kwenye nyufa

Ukinunua tokeni usiku wa leo, ukaingiza zile namba ishirini kwenye mita na taa zikarudi, kuna uwezekano mkubwa kwamba sehemu ya stima hiyo imepitia kwenye ufa. Siongelei ule ufa wa ukuta ambao landlodi amekataa kuziba. Naongelea ufa ulio kilomita moja, mbili, hata tatu chini ya ardhi pale Olkaria, karibu na Naivasha, ndani ya jiwe lenye moto kuliko ovena yoyote uliyowahi kufungua.

Hakuna mtu amewahi kushuka huko. Na bado kuna watu ambao kazi yao ni kukaa mbele ya kompyuta na kueleza maji na mvuke vitapita wapi ndani ya nyufa hizo mwaka huu, mwaka ujao, na miaka thelathini ijayo. Wakikosea, mtambo uliojengwa kwa mkopo unakaa bila mvuke wa kuuzungusha, na aliyekopesha hajali kama mvuke upo au haupo.

Wasee wengi wakisikia neno simulesheni wanafikiria gemu za magari. Hawako mbali sana na ukweli. Kwanza nikuambie, chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usiniite injinia. Lakini haya mambo yamenikaa kichwani kwa miezi kadhaa, na nimeona kwamba ukiyavua yale majina makubwa, yanaeleweka hata na mtu aliyekwama kwenye matatu Thika Road saa kumi na mbili jioni. Na mfano wenyewe utatoka hapo hapo Thika Road, we subiri tu.

Tuanze na Olkaria. Visima viwili vya kwanza vilichimbwa miaka ya 1950 na havikufua dafu. Kazi ikafufuliwa miaka ya 1970, na mwaka wa 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kuzalisha umeme. Kufikia 1985 mitambo ilikuwa mitatu, jumla megawati 45. Leo hii zaidi ya visima 300 vimechimbwa pale, na mwaka wa 2023 kawi ya mvuke ilitoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wote uliozalishwa nchini. Kisima kimoja kinameza mamia ya mamilioni ya shilingi kabla mtu hajajua kama kina kitu ndani. Hii si biashara ya smokie, ati wateja wakikosa leo, kesho unasukuma toroli hadi steji nyingine.

Wengi wetu hudhani chini kule kuna ziwa la maji moto, unatoboa tu kama unavyotoboa pakiti ya maziwa na mrija. Hakuna ziwa. Kuna jiwe. Jiwe gumu la volkano, lenye vitundu vidogo sana ambamo maji yamejificha, na lililopasuka hapa na pale. Maji yaliyo kwenye vitundu hujikokota polepole mno. Yale yaliyofika kwenye nyufa hukimbia. Vitu viwili tofauti kabisa ndani ya jiwe moja, na hapo ndipo kichwa huanza kuuma.

Mwaka wa 1856 Mfaransa mmoja, Henry Darcy, alikuwa akishughulikia maji ya mji wa Dijon. Akapitisha maji kwenye mtungi uliojaa mchanga, akapima, akapata kanuni rahisi: kiasi cha maji kinachopita kinategemea tofauti ya presha kati ya huku na kule, na jinsi mchanga wenyewe unavyopenyeka. Ukiongeza presha mara mbili, maji yanaongezeka mara mbili. Hadi leo kanuni hiyo ndiyo mama ya hesabu zote za maji ya ardhini.

Nyufa zina tabia yake. Ufa ukipanuka mara mbili, presha ikiwa ile ile, maji yanayopita hayaongezeki mara mbili. Yanaongezeka mara nane. Ukipanuka mara kumi, ni mara elfu moja. Nikataka kuona hiyo maana yake ni nini kwa macho, nikachukua kalamu. Chukua ufa wenye upana wa milimita 0.1, yaani kama unywele wako mmoja. Tuseme kingo zake ni laini. Uweke kwenye jiwe lenye upenyezaji wa milidarsi moja, kipimo kilichopewa jina la yule yule Darcy. Ule unywele mmoja unapitisha maji sawa na jiwe zima lenye unene wa karibu mita 84. Hiyo ni kama jumba la ghorofa 27, likishindana na unywele na kutoka sare.

Ukitaka kuelewa kwa nini majirani wawili kule Kitui au Machakos huchimba visima vya maji vilivyoachana hatua hamsini tu, mmoja akapata maji na mwingine akapata vumbi na deni, jibu ni hilo. Sehemu kubwa ya maeneo hayo imekalia miamba mikongwe migumu ambayo haiweki maji popote isipokuwa pale ilipooza na pale ilipopasuka. Kisima cha kwanza kiligonga ufa. Cha pili kilipita kando yake kwa mita chache. Hakuna aliyerogwa, na yule jamaa wa kutembea na kijiti hana kitu cha kukusaidia.

Sasa, ukitaka kuweka haya kwenye kompyuta, unakutana na tatizo la wazi. Huwezi kuchora kila ufa. Hujui ziko ngapi, hujui zinaelekea wapi, na hata ungejua, kompyuta yako ingelia. Jibu lilitoka kwa watu wa mafuta. Mwaka wa 1960 Barenblatt na wenzake wa Muungano wa Kisovieti, kisha Warren na Root kule Marekani mwaka wa 1963, waliamua kutochora nyufa moja moja. Walisema: tuchukulie kwamba kila mahali chini ya ardhi kuna dunia mbili zinazokaa pamoja. Moja ni ya nyufa, nyingine ni ya jiwe. Kila moja ina presha yake. Na kati yao kuna mlango mwembamba.

Hapa ndipo Thika Road inaingia. Angalia watu wa Githurai, Zimmerman, Kasarani, Roysambu. Wanaishi wapi? Mtaani, kwenye maploti, vichochoroni. Hakuna anayeishi katikati ya Thika Road. Lakini ukitaka kwenda tao, lazima utoke kwenye kichochoro chako ufike barabarani. Barabara haihifadhi watu, inawasafirisha. Mtaa hausafirishi watu, unawahifadhi. Jiwe ndilo mtaa, nyufa ndizo barabara, na kisima cha mvuke ni steji ya tao inayopokea abiria bila kuuliza walilala wapi.

Ukikaa pale steji saa kumi na mbili asubuhi ukaona magari yanamwaga watu, unaweza kusema mji huu hauishi abiria. Lakini wale ni waliokuwa tayari wako barabarani. Swali la maana ni kasi ya watu kutoka vichochoroni. Na kichochoro cha Githurai mvua ikinyesha unakijua wewe mwenyewe.

Basi fikiria hivi, kwa maji sasa. Nyumbani una mtungi wa lita 20, na nyuma yake tangi la lita 1,000. Bomba linalotoka tangini hadi mtungini ni jembamba, linapitisha lita 2 kwa dakika. Wewe unachota mtungini lita 10 kila dakika. Dakika ya kwanza uko sawa. Ya pili uko sawa. Ukimwita mteja aje aone, atasaini mkataba wa lita 10 kwa dakika, na kwa haki kabisa, kwa sababu ameziona kwa macho yake. Lakini mtungi unapoteza lita 8 kila dakika, na dakika mbili na nusu zikiisha umebaki na lita 2 tu kwa dakika. Tangi bado limejaa! Maji yapo mengi sana. Hayafiki tu.

Kisima kipya kikifunguliwa na mvuke ukaruka juu kwa kelele, wapiga picha wakaja, wakubwa wakatoa hotuba, kile unachokiona siku hiyo ni mtungi. Simulesheni ipo ili kumuuliza yule mkubwa kuhusu bomba.

Huko Marekani, kwenye maabara ya Lawrence Berkeley, Karsten Pruess na mwenzake Narasimhan waliona kwamba hata ile dunia ya jiwe haiwezi kuwa kitu kimoja. Jiwe la ukubwa wa nyumba likizungukwa na nyufa, ngozi yake ya nje hupoa na kukauka mapema, huku moyo wake ukiwa bado na moto kama zamani. Kwa hivyo wakaligawa kwa matabaka, moja ndani ya jingine, kama sufuria za Gikomba zinavyopangwa kubwa hadi ndogo. Joto na maji hutoka sufuria ya ndani kabisa, hupita ya pili, ya tatu, hadi kwenye ufa. Pruess ndiye pia aliyeongoza utengenezaji wa programu ya TOUGH, na baadaye TOUGH2, ambayo watu wa mvuke duniani wameitumia kwa miaka mingi.

Ndani ya programu kama hiyo hakuna uchawi, kuna uhasibu. Unaikata ardhi yote vipande vipande, kila kipande ni kama akaunti ya M-Pesa. Kilichoingia, toa kilichotoka, ndilo badiliko la salio. Unahesabu maji, unahesabu joto, kwa kila kipande na kila jirani yake. Ukikata eneo lako vipande 100 kwa 100 na kina cha vipande 30, una akaunti 300,000. Kila moja ina presha na joto usivyovijua, kwa hivyo milinganyo ni 600,000, yote itatuliwe kwa pamoja kwa sababu kila jirani anamtegemea jirani. Ukimaliza umesogeza saa mbele hatua moja. Unaanza tena. Na hapo hujaweka zile sufuria, ambazo zinaongeza akaunti mara kadhaa.

Kitu kinachofanya hesabu hizi za mvuke ziwe noma kuliko za maji ya kawaida ni kuchemka. Presha ikishuka kwenye ufa, maji yanageuka mvuke ghafla. Mvuke unachukua nafasi kubwa kuliko maji, unakimbia tofauti, unabeba joto tofauti. Kipande kimoja kikichemka, namba za majirani wote zinaruka. Kompyuta inajaribu hatua, inashindwa, inapunguza hatua nusu, inajaribu tena. Waliozoea kazi hii watakuambia kuhusu usiku mzima ambao mashine ilihesabu sekunde chache tu za maisha ya ardhi.

Na sisi tumo kwenye hii historia kutoka mapema. Mwaka wa 1987, Bodvarsson, Pruess na wenzao, akiwemo Mkenya S. B. Ojiambo, walichapisha modeli ya Olkaria Mashariki, ya pande tatu, kisima kwa kisima. Walifanya kitu ambacho ndicho moyo wa kazi hii. Hawakuanza kwa kutabiri. Walianza kwa kurudi nyuma, wakaiambia kompyuta: tuonyeshe miaka ambayo tayari imepita. Modeli ikitoa mtiririko na presha tofauti na vile visima vyenyewe vilivyopima, wanabadilisha upenyezaji hapa na pale, wanarudia, hadi ya kale yalingane. Kisha ndipo wakauliza ya mbele: eneo litabeba megawati ngapi, visima vitachoka kwa kasi gani, vya kujazia pengo vitahitajika vingapi, na maji yakirudishwa chini itakuwaje. Maswali yale yale yanayoulizwa leo kila mtu akitaka kuongeza mtambo.

Kulingana na ya kale hakumaanishi uko sahihi. Shuleni ulikuwa na yule jamaa aliyepata jibu sawa na lako kwa sababu alichungulia karatasi yako, na swali lililofuata likamwacha uchi. Modeli nyingi tofauti zinaweza kutoa historia ile ile. Moja inasema kuna ufa mmoja mpana, nyingine inasema kuna nyufa mia nyembamba, na zote zinalingana na vipimo vya miaka kumi. Mwaka wa ishirini zinaachana kabisa. Kwa maoni yangu, mtu akikuletea namba moja tu bila kukuambia inaweza kupanda hadi wapi na kushuka hadi wapi, hajakuletea utabiri, amekuletea mauzo.

Kama unadhani natia chumvi, uliza watu wa The Geysers, California, eneo kubwa kuliko yote duniani la umeme wa mvuke. Miaka ya 1980 kila kampuni ilikimbilia pale kuongeza mitambo. Uzalishaji ulifika kilele mwaka wa 1987, kisha presha ikaanza kuporomoka na mitambo ikabaki na njaa. Jiwe lilikuwa bado na moto wa kutosha. Kilichoisha ni maji ya kubeba ule moto hadi juu. Waliokolewa na, shikilia kiti, maji taka. Tangu 1997 kutoka Kaunti ya Lake, na tangu 2003 kutoka mji wa Santa Rosa kwa bomba la zaidi ya kilomita 60, maji ya vyoo yaliyosafishwa husukumwa chini kwenye nyufa ili yageuke mvuke. Mtu anavuta choo huku, taa inawaka kule.

Kurudisha maji chini nako kuna mtego wake, na mtego ni ufa. Maji baridi ukiyamwaga kwenye kisima cha kurudishia, yanatafuta barabara pana zaidi. Ikiwa kuna ufa mkubwa ulionyooka hadi kisima chako cha kutoa mvuke, yatapita mbio bila kupata muda wa kuchukua joto la jiwe, na yatakutokea upande wa pili yakiwa bado vuguvugu. Ufa ule ule uliousifia wakati wa kuvuna ndio unaokuzimia moto wakati wa kurudisha. Nyufa nyingi nyembamba zingekufaa zaidi, kwa sababu maji yangegusa jiwe kubwa zaidi njiani. Kwa hiyo wahandisi hutia rangi kwenye maji wanayorudisha, kama ile ya kijani inayong'aa iitwayo fluorescein, kisha wanangoja kwenye visima vingine na chupa za sampuli. Rangi hufika kabla ya baridi, kwa sababu njiani jiwe huendelea kuyapasha maji moto kwa muda. Ikifika baada ya siku chache, umepata onyo mapema. Unaiingiza kwenye modeli, unaona kama uhamishe kisima au upunguze maji.

Wakenya si wageni kwenye kazi hii. Wengi wamepitia mafunzo ya mvuke yanayotolewa Iceland, na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri kina taasisi ya mambo ya jotoardhi. Kuna programu za bure pia. Waiwera, iliyotengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Auckland na wenzao wa New Zealand, unaishusha mtandaoni bila kulipa senti na hata kusoma kila mstari wa ndani yake. Haitakufanya mtaalamu wiki ijayo. Itakufanya usidanganywe kirahisi.

Lakini usianze na hiyo. Anza na laptopu yoyote yenye Python, au hata Excel ya saiba, na akaunti mbili tu. Nyufa na jiwe, zote presha 100. Jiwe lina uwezo wa kuhifadhi mara 50 kuliko nyufa. Kila hatua, chukua tofauti ya presha kati ya jiwe na nyufa, zidisha kwa 0.1. Hiyo ongeza kwenye nyufa, na ondoa sehemu yake moja kwa 50 kwenye jiwe. Kisha kisima kinatoa 8 kutoka kwenye nyufa. Rudia.

Nilipoiendesha, baada ya hatua 10 presha ya nyufa ilikuwa imeanguka hadi karibu 48. Baada ya 40 ilikuwa karibu 18, halafu ikaanza kutambaa tu, ukidhani imetulia. Kabla ya hatua ya 150 ikagonga sifuri, na jiwe bado liko juu ya 78, limejaa maji yasiyofika popote. Kisha nikabadilisha namba moja tu. Badala ya kutoa 8, nikatoa 4. Ningetarajia kisima kiishi mara mbili. Kiliishi hadi karibu hatua ya 785, zaidi ya mara tano, na maji yote yaliyotoka yakawa zaidi ya mara mbili na nusu ya yale ya kwanza. Jaribu na 6 uone mwenyewe, halafu badilisha ile 0.1 iwe 0.05.